Nano, ESP32 au Pico: uagize ipi ukiwa Mtwara?

Mtu wa Dar es Salaam akinunua bodi ya elektroniki (ile ndogo unayoiandikia programu isome vihisi na kuwasha vifaa) isiyomfaa, kesho yake anarudi Kariakoo kuibadilisha. Wa Mtwara, Masasi au Newala hana nafasi hiyo. Mzigo wake umepanda basi, umesafiri zaidi ya kilomita 500, umelipiwa nauli, na akiufungua akakuta pini hazijalehemiwa, au kihisi (kipande cha kupima joto, umbali au unyevu) kinataka volti nyingine, anaanza upya: simu kwa muuzaji, pesa kwa mtandao wa simu, kisha kusubiri basi. Ndiyo maana ulinganisho huu hautajali sana bodi gani ina mbio. Utajali ipi itafanya kazi uliyokusudia bila kukulazimisha kuagiza mzigo wa pili.

Wengi huanza na bei. Anza na mahali. Hiyo bodi itakaa wapi? Mezani kwako Shangani, mjini Mtwara, ukiwa unajifunza, juu ya tenki la maji Newala, au ndani ya ghala la korosho lisilo na soketi hata moja? Ukishajibu hilo, nusu ya bodi zimeshajiondoa zenyewe.

Ninazozilinganisha ni tatu: Arduino Nano (Uno R3 ina chipu ileile, ila ni kubwa kwa umbo), ESP32, na Raspberry Pi Pico. Nyingine nitazigusa njiani. Na tusichanganye: Pico si ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayochomekwa kwenye televisheni. Majina yanafanana kwa sababu mtengenezaji ni mmoja, lakini Pico haina Linux, haina skrini, inaendesha programu moja tu uliyoiwekea.

| | Nano / Uno R3 | ESP32 ya awali | Pico / Pico W |
|---|---|---|---|
| Chipu | ATmega328P | ESP32, viini 2 | RP2040, viini 2 |
| Kasi | megahezi 16 | hadi megahezi 240 | megahezi 133 |
| RAM (kumbukumbu ya kazi) | kilobaiti 2 | kilobaiti 520 | kilobaiti 264 |
| Nafasi ya programu | kilobaiti 32 | mara nyingi megabaiti 4 | megabaiti 2 |
| Volti za pini | 5 | 3.3 | 3.3 |
| Redio | hakuna | Wi-Fi na Bluetooth | Pico hakuna. Pico W ina Wi-Fi na Bluetooth |
| Pini za analogia (za kusoma volti zinazopandashuka) | Nano 8, Uno 6 | nyingi, lakini soma chini | 3 |

Ukiitazama jedwali hii juu juu utasema ESP32 imeshinda, tufunge mjadala. Ingekuwa hivyo kama kazi zetu zingehitaji kasi. Kuwasha pampu tenki likipungua hakuhitaji megahezi 240. Hata 16 ni nyingi mno. Panapouma kwenye Nano ni RAM. Skrini ndogo ya OLED ya nukta 128 kwa 64 peke yake inakula baiti 1,024, yaani nusu ya RAM yote, kabla hujaandika mstari wako wa kwanza. Ongeza kadi ya kumbukumbu na maandishi marefu kidogo, na programu itaanza kufanya vituko visivyoeleweka: inajizima, inaandika herufi za ajabu, inarudi mwanzo. Kwa hiyo kwa Nano panga mapema: skrini ya maandishi ya mistari 2 ya herufi 16 inatosha, na haina njaa ya kumbukumbu.

Volti 5 dhidi ya volti 3.3

Hapa ndipo mizigo mingi hugeuka hasara. Vipuri vingi vya bei nafuu vinavyouzwa nchini vilitengenezwa kwa ajili ya volti 5: rilei (swichi zinazowashwa na bodi) za bodi ya bluu, skrini ya herufi 16, kihisi cha umbali HC-SR04. Ukiwa na Nano unachomeka tu. Ukiwa na ESP32 au Pico, pini zake zinataka volti 3.3, na HC-SR04 ya kawaida inarudisha jibu lake kwa volti 5 kwenye pini ya Echo. Unaweza kuiona inafanya kazi wiki nzima, halafu pini ikafa. Dawa ni rezista (vipande vya kuzuia umeme) mbili: ya kilo-omu 1 kutoka Echo hadi kwenye pini ya bodi, na ya kilo-omu 2 kutoka pini hiyo hadi graundi (upande hasi), volti 5 inashuka kuwa 3.3. Rezista hizo ni za bei ya karanga, ila kama hukuziagiza pamoja na bodi, umekwama.

Rilei nazo zina ukorofi wao. Baadhi ya bodi za rilei za volti 5 huwaka pini ikishushwa na kuzimika ikipandishwa. Ukipandisha kwa volti 3.3 tu, nyingine hazizimi sawasawa. Taa yake inabaki inafifia. Ukiagiza kwa ajili ya ESP32 au Pico, taja wazi kwamba unataka rilei inayokubali amri ya volti 3.3.

Kwa anayeanza, ninaipa Nano alama hapa. Inasamehe. Ukiunganisha vibaya, mara nyingi itapata joto na kukusubiri urekebishe. Pini za volti 3.3 hazina uvumilivu huo.

Nakala ni sawa, ila isome

Michoro ya Arduino imeachwa wazi tangu mwanzo, kwa hiyo nakala za Kichina ni halali mradi zisijiite Arduino. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya bodi halisi, na kwa kazi ya nyumbani sioni sababu ya kununua halisi. Lakini nakala zina tabia zake. Nyingi hutumia chipu ya USB iitwayo CH340, na kompyuta ya zamani inaweza kukutaka usakinishe draiva yake kwanza. Nyingi pia zina programu ya kuanzia ya toleo la zamani: ukipakia kazi yako na kompyuta ikalalamika mara kumi kwamba haisikii jibu, nenda kwenye menyu ya kichakataji ya programu ya Arduino uchague ATmega328P yenye maneno "Old Bootloader". Watu wameshatupa bodi nzima nzima kwa kutojua mstari huo mmoja.

Kisha kuna za udanganyifu kidogo. Soma maandishi juu ya chipu. Ikiandikwa ATmega168, nafasi ya programu ni kilobaiti 16, nusu ya uliyolipia. Ikiandikwa LGT8F328P, ni chipu nyingine kabisa. Si mbaya, ina kasi hata zaidi, lakini inataka kifurushi chake cha ziada kwenye kompyuta, na mwanafunzi atahangaika bila kujua tatizo liko wapi.

Pico haina hadithi hizi. Ilipotoka Januari 2021 bei yake rasmi ilikuwa dola 4, na Pico W iliyofuata Juni 2022 dola 6, kwa hiyo hata mnakili haoni faida kubwa. Ulizia tu kama pini zimelehemiwa. Pico ya kawaida huja bila pini. Yenye pini huitwa Pico H. Kama huna chuma cha kulehemu nyumbani, herufi hiyo moja ndiyo itakayoamua kama utaanza leo au utaenda kumbembeleza fundi redio pale sokoni.

ESP32 inahitaji macho zaidi, kwa sababu jina hilo sasa ni la ukoo mzima. Ya awali, ya mwaka 2016, ndiyo iliyo kwenye jedwali. Kuna S2, ambayo haina Bluetooth kabisa. Kuna C3, yenye kiini kimoja na Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme tu, si ile ya zamani inayounganisha spika. Kuna S3, yenye nguvu na bei kubwa zaidi. Muuzaji akikwambia "ESP32 ipo", muulize ipi. Halafu upana: bodi nyingi za ESP32 zinaifunika bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia bila kulehemu) yote, usiweze kuchomeka waya upande wa pili. Agiza bredibodi mbili uziunganishe ubavu kwa ubavu.

Na zile pini nyingi za analogia? Kuna kundi la pili la pini hizo ambalo halisomeki Wi-Fi ikiwa imewashwa. Zinazobaki salama kwenye bodi ya kawaida ni 6: namba 32 hadi 36, na 39. Isitoshe, usomaji wake unapinda karibu na sifuri na karibu na juu kabisa. Kwa kupima volti za betri kwa uangalifu, Nano yenye ngazi 1,024 tu hunipa namba ninazoziamini kuliko ESP32 yenye ngazi 4,096.

Kazi ya kwanza: mashine ya kutotolesha vifaranga

Hii ndiyo kazi inayotafutwa zaidi na vijana wa huku wanaotaka elektroniki iwaletee chochote. Mayai ya kuku yanakaa siku 21, na kwenye mashine yenye feni ya kuzungusha hewa joto linalotakiwa ni nyuzi 37.5 hivi. Kosa la nyuzi mbili ukiliacha kwa saa nyingi, umeua.

Kabla ya bodi, tazama kihisi. DHT11, ile ya bluu inayowekwa kwenye kila seti ya wanaoanza, inaweza kukosea hadi nyuzi 2 kwa maelezo ya mtengenezaji wake mwenyewe. Inakuonyesha 37, ndani ni 39. Haifai. DHT22, nyeupe, hukosea nusu nyuzi hivi na inapima unyevu vizuri zaidi. DS18B20 ya waya mrefu, iliyofunikwa kwa chuma, nayo hukosea nusu nyuzi na haiogopi maji. Inataka rezista moja ya kilo-omu 4.7. Mimi ningeagiza DS18B20 mbili kwa ajili ya joto na DHT22 moja kwa ajili ya unyevu. Mbili, ili moja ikianza kusema uongo nyingine imsute.

Sasa bodi. Wengi hukimbilia ESP32 ili waone joto kwenye simu. Hapo kuna mtego, na umo kwenye mifano ya programu inayosambazwa mtandaoni: mistari ya mwanzo inaiambia bodi isubiri mpaka ipate Wi-Fi, ndipo iendelee. Umeme ukikatika na kurudi, bodi inaamka kabla ya ruta, au ruta haipo kabisa kwa sababu mtandao wako ni hotispoti ya simu na simu umeenda nayo Mikindani. Bodi inasubiri. Inasubiri tu. Taa za kupasha joto hazidhibitiwi na mtu. Ukirudi jioni, mayai yamepoa au yameiva.

Nano haina Wi-Fi ya kuisubiri. Umeme ukirudi, ndani ya sekunde chache inasoma joto na kuamua. Kwa hiyo kwa kitu chochote kinachotawala moto, pampu au mota, chaguo langu ni Nano, na sibabaiki. Ukitaka pia kuona kwenye simu, weka bodi mbili: Nano itawale, ESP32 iripoti. Nano inampelekea mwenzake namba kupitia waya mmoja wa mawasiliano (na zile rezista mbili za kushusha volti, usizisahau), na ESP32 ikikwama au ikikosa mtandao, vifaranga hawana habari.

Ipo pia njia ya tatu ambayo wapenzi wa bodi hawapendi kuisikia. Kuna kidhibiti joto kilichokamilika, W1209, chenye skrini, rilei na kihisi chake, kinachotumia volti 12. Hukiandikii programu, unabonyeza vitufe unaweka nyuzi. Kama lengo lako ni vifaranga na si kujifunza, nunua hicho, kisha kipimajoto cha kioo cha kukihakikishia. Kama lengo ni kujifunza, tumia Nano na uweke W1209 pembeni kama akiba. Kwa vyovyote, taa za volti 230 zipitie mikononi mwa fundi umeme, ndani ya boksi lililofungwa. Waya za bredibodi hazibebi umeme wa ukutani.

Kazi ya pili: tenki la maji

Huku juu kwenye nyanda za Makonde, Newala na Tandahimba, maji yanapandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, na mwenye nyumba anajua thamani ya tenki la mvua. Kujua limebaki kiasi gani bila kupanda ngazi ni kazi halali kabisa ya bodi.

Hapa ESP32 inashinda, lakini si kwa sababu ya intaneti. Inashinda kwa sababu mbili ambazo hazihitaji bando. Ya kwanza: ESP32 inaweza kufungua mtandao wake wenyewe wa Wi-Fi. Unaikaribia na simu, unajiunga, unafungua ukurasa mdogo uliomo ndani yake, unaona asilimia. Hakuna ruta, hakuna vocha. Ya pili: ESP32 mbili zinaweza kuzungumza moja kwa moja kwa njia iitwayo ESP-NOW. Moja inakaa juu ya tenki, nyingine sebuleni na skrini au taa tatu za rangi. Uwanda ukiwa wazi zinasikilizana zaidi ya mita 100. Ukuta na bati hupunguza. Nano ingekutaka uvute waya mrefu kutoka tenkini hadi ndani, na ishara ya kihisi haipendi waya mrefu.

Kihisi cha hapo kisiwe HC-SR04 ya kawaida, kwa sababu mvuke wa tenki utaiozesha. Chukua JSN-SR04T yenye jicho lisiloingia maji. Ina upofu wa sentimita 20 hadi 25 za mwanzo, kwa hiyo uifunge juu ya usawa wa mwisho wa maji, la sivyo tenki likijaa itakuambia namba za ajabu.

Ukitumia hotispoti ya simu kuiunganisha, kumbuka ESP32 ya awali inasikia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu. Simu nyingi mpya hurusha hotispoti kwa gigahezi 5, na bodi haitaiona hata ukiiweka juu ya simu. Ingia kwenye mipangilio ubadilishe.

Na kama unachotaka ni kelele tu tenki likijaa ili uzime pampu? Swichi ya boya, betri na king'ora kidogo. Bodi ya nini?

Kazi ya tatu: ghala la korosho

Msimu unaanza Oktoba, korosho zinaingia ghalani, na mvua zinapokaribia kila mtu anauliza habari za unyevu. Nianze na tahadhari: DHT22 inapima unyevu wa hewa, haipimi maji yaliyomo ndani ya korosho. Haiwezi kuchukua nafasi ya kipima unyevu cha mnunuzi. Inachoweza ni kukuambia kwamba kona ya kaskazini ya ghala ina hewa nzito kuliko kwingine, labda bati linavuja au magunia yamegusa ukuta.

Ghala likiwa mbali na nyumbani, taarifa itoke kwa SMS. Kipande maarufu ni SIM800L, cha bei ndogo, kinachotumia 2G. Kinafanya kazi na bodi zote tatu, na kinasumbua zote tatu kwa sababu moja: umeme. Kinataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na kikirusha ishara kinavuta hadi ampia 2 kwa mkupuo. Pini ya volti 5 ya Nano imezidi, pini ya 3.3 ya ESP32 imepungua, na hakuna hata moja yenye ampia 2. Kilishe moja kwa moja kutoka betri ya lithiamu ya 18650, na kapasita (kipande cha kuhifadhi umeme kwa muda) kubwa ya maikrofaradi 1,000 karibu nacho. Ukishafanya hivyo, bodi yoyote inatosha (Nano iwe na zile rezista mbili za kushusha volti kwenye waya wa kwenda kwa SIM800L), na kwa kuwa SMS haitaki Wi-Fi, sioni kwa nini ulipe chakula cha ESP32. Weka Nano au Pico. Antena itoke nje. Ndani ya ghala la mabati ishara haifiki.

Ukitaka kitu kitakachodumu zaidi ya 2G, uliza vipande vya 4G kama A7670. Bei inapanda, maelezo mtandaoni ni machache, na kwa mradi wa kwanza si pa kuanzia.

Betri na sola

Chukua betri moja ya 18650 ya miliampia-saa 2,500. ESP32 yenye Wi-Fi iliyowashwa muda wote inakula miliampia 100 hivi kwa wastani: betri inaisha ndani ya siku moja. Nano iliyo macho inakula kama 20, sehemu ya huo ikiwa taa yake ndogo ya kuonyesha umeme: siku tano hivi. Pico iko jirani na Nano.

Ndipo mtu anakuambia ESP32 ina usingizi mzito wa mikroampia 10 tu. Ni kweli kwa chipu. Si kweli kwa bodi nzima, kwa sababu chipu ya USB, taa na kirekebisha volti vilivyolehemiwa pembeni havilali. Bodi nyingi za kawaida zikilala hubaki zinakula miliampia kadhaa. Kwa miliampia 5 betri yetu inafika wiki tatu, si miaka uliyoahidiwa. Faida ya Pico hapa ni kwamba inakubali kulishwa volti 1.8 hadi 5.5, kwa hiyo betri tatu za kawaida za AA, au 18650 yenyewe, unaziunganisha moja kwa moja.

Pawabenki isikudanganye. Nyingi hujizima zikiona mzigo mdogo, zikidhani simu imejaa. Bodi yako ikilala, pawabenki inaikatia, na haitaamka tena.

Jua la kusini linatosha kwa paneli ndogo ya wati 5 au 6 na chaja ya betri ya lithiamu. Kinachoua vifaa vya nje pwani ni chumvi ya hewani. Shangani au Mikindani, ncha za waya za jampa hupata kutu ya kijani na mawasiliano yanakatika yakirudi. Kitu cha kukaa nje kilehemu kwenye bodi ya matundu, paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya viungo, ila usikipake kihisi cha unyevu wala soketi.

Huna kompyuta, au bando ni dogo

Hili linaamua zaidi kuliko megahezi. Kifurushi cha ESP32 kwa ajili ya programu ya Arduino kinapakua mamia ya megabaiti. Kipakue mahali penye mtandao wa bure au wa bei nafuu, si kwa bando la siku. MicroPython ya Pico (lugha ya Python iliyopunguzwa kwa ajili ya bodi) ni faili moja isiyofika megabaiti 2: unashikilia kitufe cha BOOTSEL, unachomeka, Pico inaonekana kama flashi, unaburuta faili, basi. Kisha unaandika kwa programu ya Thonny. Kwa mwenye kompyuta ya zamani na mtandao wa kuungaunga, hakuna njia rahisi kuliko hii, na Python ina maneno machache ya kukosea kuliko C++, lugha ya Arduino.

Asiye na kompyuta kabisa ana Nano. Kwa simu ya Android, waya wa OTG (wa kuchomeka kifaa cha USB kwenye simu) na programu ya ArduinoDroid, unaandika na kupakia kwenye bodi ukiwa kibarazani. Kuandika alama za mabano kwa kidole kunachosha, lakini inawezekana.

Na kabla hujaagiza chochote, jaribu mchoro wako kwenye Wokwi, kiigizo cha bure kinachofanya kazi kwenye kivinjari, chenye Uno, Nano, ESP32 na Pico. Programu isipokubali pale, bodi halisi haitaisaidia.

Zilizobaki nizipitie haraka. ESP8266 ilifungua njia mwaka 2014, lakini ina pini moja tu ya analogia na leo tofauti ya bei yake na ESP32 haitoshi kunishawishi. Kama unayo kabatini, itumie kwa tenki. Uno ni nzuri darasani kwa sababu matundu yake ni makubwa na michoro mingi ya vitabu imeichora yenyewe. Mwalimu wa VETA au wa Ufundi Mtwara ana sababu ya kuichukua. Uno R4 ya 2023 ina chipu tofauti, usiichanganye na R3 unapofuata maelezo ya zamani. micro:bit ni ya watoto, ina taa 25 na vihisi tayari ubaoni, na ni ya shule yenye bajeti.

Kwa hiyo mzigo wangu ungekuwa hivi. Mwanafunzi mwenye simu tu: Nano mbili (moja itaungua, hiyo ni ada), waya wa OTG, DS18B20, rilei ya volti 5, bredibodi, jampa, pakiti ya rezista mchanganyiko. Mwenye kompyuta anayetaka kujifunza kwa utulivu: Pico H, au WH kama anataka Wi-Fi, na vihisi vya volti 3.3. Mwenye tenki: ESP32 mbili za awali za pini 30 na JSN-SR04T. Wote waongeze testa ya kupimia volti ya bei ndogo, na waya wa USB unaopitisha data. Ile ya kuchajia tu itakufanya udhani bodi ni mbovu. Lipa baada ya muuzaji kukutumia picha ya chipu kwa karibu, maandishi yakisomeka, na picha ya pini kwa upande, kabla boksi halijafungwa kwenda stendi.